Kupe Hachagui Ngozi

Marahaba, wanangu. Vuteni viti, msiogope baridi. Nimeambiwa wengi wenu mmetoka vyuo vya mifugo juzi, mmepangiwa kata zenu, na wengine bado mnanung'unika kwamba Sumbawanga ni mbali na asubuhi zake zinauma masikio. Mtazoea. Mimi nilizoea mpaka nikastaafia hapa hapa.

Jina langu ni Ortensia, ila ukifika Malangali ukauliza nyumba ya Ortensia, hata jirani atakutumbulia macho. Uliza kwa Mama Kupe. Jina hilo nilipewa kanisani. Jumamosi moja nilishinda kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, na Jumapili, kwa sababu ya baridi, nikavaa sweta lile lile kwenda misa. Padri akiwa katikati ya mahubiri, mama aliyekaa mbele yangu akapiga ukelele ulioamsha hata wazee wa benchi la nyuma. Kupe alikuwa ametoka kwenye mkono wangu wa sweta, akapanda kitenge chake cheupe, anaelekea shingoni bila haraka. Padri akatulia, akanitazama, akasema, "Bibi mifugo, wagonjwa wako uwe unawaacha nje." Kigango kizima kikacheka. Kuanzia siku hiyo nikawa Mama Kupe.

Nami nawaambieni, yule mama alifanya vizuri kupiga kelele. Kupe haulizi ng'ombe anaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Akipata ngozi yenye damu, amefika kwake.

Aliyenifundisha kumwogopa mdudu huyu kwa heshima alikuwa Mzee Pankrasi, mtunza josho wa kituo changu cha kwanza, upande wa Namanyere. Nilifika kwake na buti mpya na maneno mengi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaushika mkono wangu, akauingiza ndani ya sikio la ng'ombe. "Macho yatakudanganya," alisema. "Manyoya yanaficha. Soma kwa vidole." Ndivyo nilivyojifunza njia ya kumkagua mnyama: masikio kwanza, halafu ngozi inayoning'inia shingoni, kwapani, kwenye kiwele, chini ya mkia, na mwisho katikati ya kwato, mahali ambapo mvivu hafiki.

Siku moja nilimtoa kupe aliyeshiba nikambonyeza kwa kucha, tap, kama watoto wanavyofanya. Mzee Pankrasi akaniamuru ninawe kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. "Hiyo ni damu ya mgonjwa," alisema. "Umeitia kwenye ukucha, na mchana kwa ukucha huo huo utamega ugali." Basi. Hakuna mhadhara wa chuoni ulionikaa kama huo.

Lakini leo nataka niwasimulie habari ya kijiji kimoja nje kidogo ya Kasense, nilipokuwa nimebakiza miaka michache ya kazi. Jina la kijiji halina kazi. Watu wake wapo, na wanaishi vizuri.

Kijiji kile kilikuwa na josho la zamani lililopasuka ukuta. Dawa ilikuwa ikivuja, likajaa tope, likaota majani, na watu wakaacha kuogesha mifugo. Kila mmoja akasema atanunua bomba lake la kupulizia. Wachache walinunua. Wengine walikuwa wakiwatoa kupe kwa mkono jioni, kuwabonyeza, na kuingia ndani kula.

Mvua zilipoanza, kijana mmoja anayeitwa Deodati akaanguka. Deodati alikuwa baba wa watoto wadogo, fundi wa kulima kwa maksai. Alikuwa na maksai wawili, Kapitani na Jenerali, na mashamba ya nusu ya kijiji yalikuwa yakimsubiri yeye. Alipata homa, kichwa kikagonga, viungo vikauma hata kugeuka kitandani ikawa shida. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Nyumbani wakamnunulia dawa ya malaria hata hivyo. Homa haikutoka. Wiki haijaisha, mpwa wake wa kike, anayechunga ndama wa nyumba hiyo, naye akalala na homa ile ile. Halafu Kapitani akaugua. Tezi chini ya sikio zikavimba kama viazi, akahema kwa shida, povu likamtoka puani, akafa mchana kweupe akiwa amefungwa kwenye kigingi chake.

Mtu na ng'ombe, nyumba moja, msimu mmoja. Mnajua mioyo ya watu inavyokwenda. Walianza kutafuta mgeni.

Na mgeni alikuwepo. Mwishoni mwa kiangazi alihamia pale mfugaji wa Kisukuma, Mzee Shija, na mke wake kijana, Nyamizi, na ng'ombe wao. Walipewa eneo na serikali ya kijiji, wakajenga. Siku chache kabla Deodati hajaugua, Nyamizi alipita nyumbani kwa mama yake Deodati, Bi Felista, akamwachia kibuyu cha maziwa, zawadi ya ujirani. Kwa Bi Felista kibuyu kile sasa kilikuwa na maana nyingine. Alikitupa, akasema wazi kisimani kwamba mwanawe amelogwa.

Mwenyekiti aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, na mimi nikaitwa. Nilidhani wananiita nieleze ugonjwa. Kumbe shauri lilikuwa limeshakatwa: Shija ahame kabla ya Jumapili. Mimi nilitakiwa kuweka muhuri kwa mdomo wangu.

"Bibi mifugo," mwenyekiti akasema, "sisi hatutaki maneno marefu. Tuambie tu kwamba ng'ombe wa huyu bwana ni wagonjwa, tumalize."

Mzee Shija alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Hakuwa na mtu ubavuni. Nilitazama nyuso zile. Wengi nilikuwa nimewachanjia ndama, nimekula kwao. Nilijua umati ulioamua hautaki kuambiwa subiri. Lakini nikasema, "Mwenyekiti, sisemi neno juu ya ng'ombe ambaye sijamshika. Nipeni mpaka kesho. Kesho nitawashika wote, wa Shija na wenu."

"Wetu wa nini?" mtu akauliza.

"Kwa sababu Kapitani alikuwa wenu."

Walinung'unika, ila kesho waliikubali.

Kutoka pale nilikwenda zahanati kwa tabibu Elia, kijana wa Mbeya, mpole, ambaye siku hizo alikuwa hapati usingizi. "Mama," akaniambia, "kila nikipima, malaria hakuna. Nimefikiria homa ya matumbo, nayo haifanani. Watu wananiona sijui kazi."

Nikamwuliza kama amemkagua Deodati mwili mzima. Akasema alimkagua, ila mgonjwa alikataa kuvua suruali mbele ya mama yake. Tukaondoka pamoja. Bi Felista tulimwomba atupishe, akatoka akisonya. Elia akamkagua tena polepole, na nyuma ya goti akakuta kidonda kidogo, katikati cheusi kama kimeunguzwa na sigara, pembeni chekundu. Kwenye kinena tezi zimevimba.

"Hiki ni nini?" nikamwuliza Deodati.

"Kijipu tu, Mama. Kupe aliniuma pale shambani, nikamkwangua na jembe."

Elia akainama karibu zaidi. Kisha akasema taratibu, "Hii nimeisoma. Homa ya kuumwa na kupe. Sijawahi kuiona kwa macho yangu." Akaniuliza ni kupe wa aina gani wanaokaa kwa ng'ombe wa hapa. Nikamweleza yule mkubwa, mwenye madoa ya rangi mgongoni na miguu yenye mistari kama soksi za mchezaji, anayependa kiwele na kinena. Yeye alikuwa na nusu ya jibu, mimi nilikuwa na nusu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumefanya kazi kijiji kimoja miezi mingi tukisalimiana tu barabarani. Msirudie hilo. Ukifika kituo chako kipya, kabla hujafungua begi, mtafute mtu wa zahanati mnywe naye chai.

Elia alimbadilishia Deodati dawa siku ile ile. Mtoto yule wa kike naye alipokaguliwa vizuri, kidonda kilikuwa kichwani, ndani ya nywele.

Kesho yake nilianza na ng'ombe wa mwenyekiti mwenyewe. Sikuomba ruhusa mara mbili. Niliingiza vidole kwenye sikio la dume lake, nikaanza kutoa kupe na kuwadondosha ndani ya kopo lenye spiriti, watu wakiwa wamenizunguka. Sikio moja tu likanichukua muda mpaka wakaanza kuchoka kusimama. Nikaenda kwa jirani yake, nikaenda kwa Bi Felista. Hali ile ile. Kwa Jenerali, maksai aliyebaki, nilikuta wale wenye madoa wameshikamana chini ya mkia kama kunde ndani ya ganda.

Kisha tukaenda kwa Mzee Shija. Nisiwadanganye: nao walikuwa na kupe. Ila yeye alikuwa na bomba la mgongoni na alikuwa akipulizia, kwa hiyo walikuwa wachache. "Mwangaluka," nikamsalimia kwa lugha yake, maana Kisukuma changu kinaishia hapo. Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa mlangoni mwa nyumba.

"Mkeo yuko wapi?"

"Amepumzika."

Mchana ule, jua linawaka, mwanamke wa boma lenye ndama amepumzika? Nikaomba kuingia. Nyamizi alikuwa kwenye mkeka, amejifunika khanga mbili, meno yanagongana. Nilipomgusa paji la uso, mkono wangu ulitaka kurudi wenyewe.

"Una siku ngapi hivi?" nikamwuliza.

"Usiwaambie, Mama," akasema. "Wakijua nina homa watasema uchawi wangu umenirudia."

Nilikaa chini pale kwenye mkeka. Wanangu, nimewahi kupigwa teke na ng'ombe nikavunjika ubavu, lakini maneno yale yaliniuma kuliko lile teke. Binti wa watu alikuwa tayari kufa kimya kimya kuliko kuombwa maelezo ya homa yake. Nilimwita Elia. Kidonda cheusi kilikuwa kiunoni, pale anapofungia khanga, na alikipata, akatueleza, siku alipokuwa akikata majani ya ndama kwenye bonde wanalolisha wote, wageni na wenyeji.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Niliweka kopo langu mezani. Nikawaeleza kwa maneno ya nyumbani: ugonjwa uliomwua Kapitani ni ndigana kali, huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, na haumpati binadamu. Ugonjwa uliomlaza Deodati huletwa na yule mwenye madoa. Ng'ombe anaweza kumbeba kupe huyo bila yeye kuonekana mgonjwa, ila mtu akiumwa, analala. Magonjwa ni mawili, lakini mlango walioingilia ni mmoja, nao ni mlango tuliouacha wazi sisi tulipoacha josho.

Bi Felista akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na akisema, watu husikiliza. "Kupe tumezaliwa nao," akasema. "Mama yangu alikuwa nao, bibi yangu alikuwa nao. Mbona hatukulala homa? Wamekuja hawa, ndiyo tumelala."

Swali lile lilikuwa la haki, nami nikalijibu kwa haki. "Mama, bibi yako alikuwa na ng'ombe wangapi bondeni? Leo bonde ni lile lile, ng'ombe wameongezeka, wa kwenu na wa wageni, na josho limelala. Na homa hii hata zamani ilikuwepo. Tuliiita malaria."

Hakukaa. Alikuwa bado amesimama pale umati ulipopasuka, Deodati akapita, amejifunga blanketi, akitembea kama mzee, lakini akitembea. Hakuna aliyemtuma. Akakunja suruali, akaonyesha kidonda.

"Mama," akasema, "Nyamizi mwenyewe amekubali niseme: anacho kama hiki kiunoni. Daktari amekiona. Sasa mchawi gani anajiloga kwanza mwenyewe?"

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wengine, na kile kicheko ndicho kilichovunja shauri la kumhamisha Shija. Bi Felista alikaa. Hakucheka.

Kazi ndiyo ikaanza hapo. Nilijua nikiwaacha wiki mbili bila kitu cha kufanya, maneno yatarudi. Nikasema tunatengeneza josho. Wengine wakasema tusubiri halmashauri. Nikawaambia halmashauri nitaikalia mimi. Wao wachimbe tope. Na kweli niliikalia. Nilikwenda mjini nikakaa kwenye benchi la ofisi, leo nikaambiwa kesho, kesho nikaambiwa mhusika yuko safarini, mpaka mlinzi akawa ananiletea chai bila kuulizwa. Siku waliponipa saruji na dawa, sidhani walishawishika. Nadhani walitaka benchi lao.

Wakati huo Deodati alikuwa na shida nyingine. Mvua zilikuwa zimekolea, mahindi yalitakiwa ardhini, naye alikuwa na maksai mmoja na nguvu nusu. Maksai mmoja halimi. Asubuhi moja akasikia sauti nje. Alikuwa Mzee Shija na jozi ya maksai wake, nira ikiwa tayari shingoni.

"Shamba ni lipi?" akauliza.

"Mzee, sina cha kukupa."

"Nimekuuliza shamba. Ukipona, hizo nguvu zako utazileta kwenye josho."

Akalima shamba la Deodati, na jioni akalima kipande cha ulezi cha Bi Felista kilichopakana nalo. Bi Felista alimtazama kutoka barazani, hakusema asante, hakusema ondoka. Nyamizi alipoanza kutoka tena, walikutana kisimani, na yule mama akageuza uso. Niliumia, lakini sikuingilia. Ukuta wa josho unaweza kuuziba kwa saruji. Mwingine unauacha ukauke wenyewe.

Tuliziba ufa, maji yakaletwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, likajaa. Siku ya kuchanganya dawa kukatokea ubishi. Bwana mmoja alitaka tukadirie kwa jicho, tupunguze, ibaki ya msimu ujao. Nilisimama mbele ya pipa kama golikipa. Dawa hafifu haimwui kupe, inamfundisha. Anapona, anazaa, na watoto wake wanaizoea, mwisho mnaogesha ng'ombe kwa maji yenye harufu. Pimeni, wanangu. Pimeni kila mara, vaeni glavu na buti, na mkimaliza nendeni nyumbani mkavue nguo zote, mjikague kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, ndani ya nywele. Siku hizi mna chanjo ya ndigana, mna dawa za kumwagia mgongoni, mna picha za kutumiana kwenye simu. Vyote vizuri, vitumieni. Lakini hakuna simu itakayokukagua nyuma ya goti. Na mgonjwa akija na homa, afundishwe kusema mwenyewe: mimi nashinda na mifugo. Maneno hayo manne yangemwokolea Deodati wiki nzima.

Siku ya kwanza ya kuogesha, kijiji kizima kilifika. Jenerali aliruka ndani kwa kishindo, akamlowesha mwenyekiti kuanzia kofia. Ng'ombe wa Shija walipita katikati ya ng'ombe wa wenyeji, na kutoka upande wa pili, wote wakichuruzika maji, hakuna aliyeweza kusema huyu ni wa nani. Nyamizi alikuwa kando chini ya kivuli cha banda pamoja na Elia. Elia alikuwa amemfundisha kumtoa kupe kwenye mwili wa mtu: usimpake mafuta ya taa, usimchome kwa kijinga cha moto, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumzungusha, kisha osha kwa sabuni. Akina mama walikuwa wamepanga mstari na watoto wao.

Bi Felista alikuja na ng'ombe wake, akawapitisha. Kisha nikamwona anajishika nyuma ya sikio, anatoa mkono, anajishika tena. Akatazama mstari wa akina mama. Akanitazama mimi. Nikajifanya nahesabu ndama.

Hakupanga mstari. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Nyamizi, akafungua kilemba, na yule mwanamke mrefu akapiga magoti chini kwenye tope ili binti amfikie. Nyamizi akachukua kibanio. Akaangalia, akashika, akavuta taratibu, akamwonyesha kupe akiwa mzima, miguu inachezacheza, kabla ya kumdondosha kwenye kopo. Akamwosha pale mahali kwa sabuni. Akina mama wote walikuwa wamegeuka kuangalia. Hata wanaume kule kwenye josho walikuwa wameacha kupiga kelele.

Bi Felista hakuinuka. Aligeuza kichwa polepole, akainamisha shingo.

"Na upande huu, mwanangu," akasema. "Niangalie na upande huu."